Herufi Zenye Miguu

Kasulu, Jumapili alasiri

Leokadia mwanangu,

Salamu nikupe za nini, na nakusikia hapo uani unavyoibamiza pasi juu ya meza? Leo siku ya tatu hunisemeshi. Chakula unaniandalia, maji ya kuoga unanipelekea, adabu zote unazo, ila mdomo umeufunga. Basi na mimi nimeshika kalamu. Barua hii utaikuta sandukuni, chini ya kitenge cha kijani, na kwa ninavyokujua hutaifungua mpaka basi liwe limeshaiacha Kasulu. Vizuri sana. Ndani ya basi huwezi kuinuka ukaniacha ninaongea peke yangu.

Mambo ya nauli, ya kumsalimia shangazi yako kwa magoti, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako stesheni, baba yako ameshayasema mara nne na kesho asubuhi atayasema ya tano. Mimi simo. Nataka kujibu lile swali uliloniuliza Alhamisi, nikakujibu kwa kufunga mlango.

"Mama, si utie sahihi tu? Ni karatasi."

Najua ulivyoumia. Barua ya kukutambulisha kwenye kile kiwanda kikubwa cha chapa huko Dar es Salaam imeshaandikwa na kugongwa muhuri. Imo kwenye mtoto wa meza ya meneja wetu. Pembeni yake iko karatasi nyingine, ya mimi kuiomba radhi ofisi fulani ya serikali kwa utovu wa nidhamu. Nitie sahihi moja, nipewe nyingine. Sikutia. Kwa hiyo kesho unaondoka na cheti chako cha shule tu, na ukifika utasimama getini kama mpita njia yeyote anayeomba kibarua. Hayo nimekufanyia mimi, mama yako, na simsingizii mtu.

Sokoni wanacheka, nasikia. Wanasema Anastazia amefukuzwa kwenye makasha ya herufi, na mwanawe amekosa barua, kwa sababu eti alibishana na bwana mkubwa kuhusu miguu ya herufi. Nawe umecheka kidogo, usikatae, kabla hujakasirika. Waache wacheke. Ila wewe nitakueleza hiyo miguu ni nini, maana umekua ukinusa wino kwenye nguo zangu, kupanga nimekufundisha, ila sijapata kukaa nawe nikakueleza.

Nilipoingia kiwanda cha misheni nilikuwa na umri kama wako. Sista aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Alivuta kasha la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake ya madini ya risasi, akachomoa moja, akaniwekea kiganjani na kuniambia niitazame mpaka atakaporudi. Ilikuwa R kubwa. Alikwenda kunywa chai yake yote. Nilidhani ananidharau. Kumbe ndiyo siku niliyoanza kuona.

Herufi zile zilikuwa na jina lao la Kizungu, limeandikwa kwa wino uliofifia ubavuni mwa kasha, lakini sisi tuliziita herufi za miguu. Ukizitazama vizuri hazina unene mmoja. Mstari unaoshuka ni mnene, unaopanda ni mwembamba, kama zinavyotoka kwenye kalamu ya kuchovya mkononi mwa mtu mwenye mwandiko mzuri. Na kila mstari unapoishia, juu au chini, una kijiguu kidogo kimekanyaga pembeni. Ile a ina tumbo chini na kichwa kimeinama juu yake. Ile g ina vyumba viwili na sikio. Ile R niliyopewa imetanguliza mguu mmoja mbele kama mtu ambaye ameshaaga lakini bado anaongea mlangoni. Miguu ile si urembo tu. Inashikana chini na kutengeneza njia, na jicho la mtu anayesoma kwa shida linapita juu yake bila kuteleza kwenda mstari mwingine. Nimewaona watu wazima wakijifunza kusoma, wazee wenye mikono ya jembe. Kwenye herufi za miguu kidole kinatembea. Kwenye zile nyingine kinasimama simama.

Zile nyingine ndizo tulizoziita za mabango. Hazina miguu, nene kotekote, nyeusi. Za kuandikia marufuku, mnada, chanjo ya ng'ombe, hatari usiguse. Sizidharau, zina kazi yake, zinaonekana hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Lakini herufi za miguu ndizo za vitabu vya sala na vya nyimbo, za vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na baadaye za kitabu cha kusomea cha watu wazima, kile nilichokipanga mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo watu wetu wakawa na mazoea. Karatasi ya herufi za mabango waliiona kama mtu anayepiga kelele: huenda anasema kweli, huenda sivyo, ngoja tumalize kupalilia maharage. Karatasi ya herufi za miguu waliisoma kwa sauti ya chini.

Sasa ninakuja kwenye kosa langu. Nimelizunguka miaka minne. Wanasema mficha uchi hazai, nami nimekuzaa wewe, kwa hiyo sina sababu ya kuendelea kuficha.

Ilikuwa wakati watu wanahamishwa kutoka vilimani kwenda kwenye vijiji vipya. Ulikuwa shuleni Kibondo, uliyasikia kwa mbali. Bwana mmoja wa ofisi ile alileta tangazo la watu wa upande wa Nyakitonto, wahamie bondeni. Tulilipanga kwa herufi za mabango kama matangazo yote, likabandikwa kwenye ukuta wa ghala. Watu walilitazama, wakaenda mashambani kwao. Wiki ya pili yule bwana alirudi. Hakuwa mjinga, na hakuwa mkali pia. Alizunguka chumba cha makasha akigusa gusa vitu, akachukua kile kitabu cha kusomea rafuni, akakifungua katikati.

"Mama, hizi ndizo herufi wanazofundishiwa?"

"Ndizo, bwana."

"Basi nipangie tangazo kwa hizi. Lifanane na ukurasa wa kitabu."

Akanipa maneno mapya. Yalisema nyumba zimekamilika, maji yapo, zahanati ipo. Kilichopungua ni milango tu, kwa hiyo kila mtu ang'oe mlango wa nyumba yake ya zamani aje nao.

Mimi bonde lile nilikuwa nimelipita siku sita kabla, nikirudi kutoka msibani Muyama ndani ya lori. Niliona vigingi vimechomekwa kwenye nyasi, mstari baada ya mstari. Nyumba sikuiona hata moja. Nikamwambia, "Bwana, nyumba zile bado." Akacheka vizuri tu, akasema, "Watu wakifika zitajengwa. Wewe panga."

Nikapanga.

Ungependa nikuambie niliogopa, na kweli niliogopa. Lakini nitakuambia na lile jingine ambalo hata padri sijamwambia. Nililitaka lile tangazo. Miaka yote ile kazi yangu ilikuwa imefungwa ndani ya majalada, anayeiona ni anayefungua kitabu. Sasa ingekaa ukutani, jua likiiangaza, kila mtu akiisoma. Nilichagua saizi kubwa tuliyokuwa nayo, nikaacha nafasi nzuri kati ya mistari, nikaweka kichwa cha habari katikati kabisa. Nikarekebisha pambizo mara tatu. Uongo ule niliupendezesha kwa mikono yangu, na nilipotoa prufu, ile karatasi ya kwanza ya majaribio, niliishika mbali kidogo nikaifurahia.

Na sikiliza jambo hili, maana nawe unakwenda kuwa mpanga chapa. Makasha yetu yalikuja kutoka Ulaya, na wenzetu waliokadiria idadi ya herufi hawakujua Kiswahili kinavyokula a na k. E zilijaa mpaka zinamwagika, k ukipanga ukurasa mmoja zimekwisha. Siku zote ilitubidi tubomoe ukurasa wa zamani ndipo tupange mpya. Siku ile k ziliniishia mstari wa nne. Kwenye meza ulikuwapo ukurasa wa kitabu cha kusomea, umefungwa kamba, unasubiri kuchapwa tena. Niliufungua nikauchambua. K moja moja, a moja moja, nilizitoa kwenye somo la watu wazima nikazipeleka kwenye tangazo. Risasi ileile, Leokadia. Herufi walizojifunzia kusoma ndizo hizohizo zilizowadanganya, na aliyezihamisha ni mimi.

Bibi yako wakati ule alikuwa darasani miezi minane. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, kila jioni na kitabu chake kwapani. Alikuwa bado hajasoma kitu chochote nje ya darasa. Tangazo lile ndilo lilikuwa la kwanza. Walioshuhudia wananiambia alisimama mbele ya ukuta wa ghala, kidole kinatembea, midomo inatembea, hadi mwisho. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Hizi ni herufi za Anastazia wangu." Akaenda nyumbani, akang'oa mlango, akaubeba kichwani. Waliokuwa wakisitasita wakaona, ikiwa mama wa mtu anayetoa vitabu ameng'oa mlango wake, sisi nani? Wakamfuata. Na Bibi Mdogo, yule dada yake uliyekuwa ukipenda kumsuka, alimfuata vilevile.

Bondeni walikuta vigingi. Bibi yako alichimbia miti minne yenye panda, akaulaza mlango juu yake, wakalala chini ya mlango yeye na dada yake, na mvua zikaanza. Kifua chake unachokisikia hadi leo kilianzia pale. Bibi Mdogo hakumaliza masika yale. Wewe tulikuandikia kwamba ni malaria.

Nilipokwenda kwenye matanga, Bibi aliniita pembeni. Hakulia, hakupandisha sauti.

"Mwana wanje, lile tangazo. Ulijua?"

Nikamjibu hivi, mwanangu, na naliandika jibu langu lilivyokuwa: "Sisi hatusomi, mama. Tunapanga tu herufi."

Akaitikia, "Ego," yaani ndiyo. Basi. Kile kitabu chake cha kusomea sijakiona tena, na darasani hajarudi. Barua yako ikija kutoka Kibondo, alikuwa anasubiri mtoto wa jirani atoke shule amsomee. Mwanamke aliyekuwa ameshaweza.

Jibu lile nililotoa ni uongo kuliko hata tangazo. Hakuna msomaji duniani kama mpanga chapa. Mwenye haraka anaruka maneno, padri anaruka maneno, bwana mkubwa anasoma mstari wa juu na wa chini. Sisi tunalishika kila neno vidoleni, kinyumenyume, herufi baada ya herufi, na likiwa na kasoro tunalijua kabla ya mwenye kuliandika. Usije hata siku moja ukajificha nyuma ya neno hilo, kwamba wewe ulipanga tu. Nimekaa nyuma yake miaka minne, nakuambia hakuna kivuli.

Yaliyotokea mwaka huu unayajua nusu. Bwana yuleyule alikuja, amenenepa kidogo, ana tangazo la watu walewale wa bonde. Lilisema bomba la maji limeshafunguliwa, zahanati ina dawa, na kwamba wanakijiji wote wameridhika, hawana tena dai lolote la mashamba na migomba yao ya kule vilimani. Alitaka herufi za miguu. Hata hakuuliza, alivuta kasha kwa mkono wake.

Nikalirudisha kasha ndani.

Nikamwambia, "Bwana, hili nitakupangia kwa herufi za mabango, na chini yake niweke jina lako na cheo chako, watu wajue anayesema ni nani. Hizi za miguu huzipati."

Akauliza kwani herufi zina mwenyewe. Nikamwambia zinaye, anakaa bondeni, ana kikohozi. Hakuelewa, na mimi sikumweleza. Meneja alikuja mbio, akanivuta nje, akaniambia nafanya mambo ya ajabu kwa ajili ya umbo la herufi. Kesho yake nikahamishiwa kushona vitabu. Tangazo lilipangwa na mwingine, tena vibaya, nafasi hazilingani, nililiona ukutani nikacheka peke yangu barabarani. Watu walilisoma, wakasonya, wakaendelea na safari. Hawakuhitaji mimi niwaambie. Waliteka maji mtoni asubuhi ileile.

Kwa hiyo si kwamba nimeokoa mtu. Usinifanye shujaa huko mbele ya wenzako. Niliyepaswa kumwokoa yuko ardhini. Nilichofanya ni kukataa kurudia.

Na usije ukasema, kwa sababu ya habari hii, kwamba herufi za miguu ni mbaya. Nimesikia kule Dar wana mashine zinazopanga kwa mwanga, hakuna risasi, hakuna kuishiwa k, na vijana wanapenda herufi kavu zisizo na miguu, wanasema ndizo za kisasa. Jifunze zote. Zikikupendeza zile mpya, zipende, mimi sitanuna. Lakini ukipewa kitabu cha mtu anayeanza kusoma, au wosia, au cheti cha ndoa, tafuta zenye miguu hata kama zitakuchelewesha. Herufi haina dhambi. Ila haichagui pia, inakaa popote mkono ulipoiweka, na inampendezesha kila mtu. Kuchagua ni kazi yako wewe. Watakuambia umri wako bado, cheo chako bado. Mimi nilisubiri cheo, nikapata mlango juu ya miti minne.

Nilikuwa nimefika hapo nilipoisikia sauti ya Bibi yako uani. Amekuja kwa miguu kukuaga, kama ulivyoona, na wewe umekwenda kuaga rafiki zako ukamwachia kapu la maharage ya kumenya. Nikaiacha barua mezani, nikaenda kukaa naye kwenye mkeka. Nitakuandikia ilivyokuwa kabla sijaisahau, japo sidhani kama nitaisahau.

Nikamwambia, "Mama, lile tangazo la nyumba. Nilijua. Nililipita bonde kabla ya kupanga tangazo. Niliona vigingi."

Aliendelea kumenya maharage.

"Nami nilijua," akasema. "Siku ya pili tangu tufike bondeni ulikuja na turubai."

Sikuelewa.

"Siku ya pili, Anastazia. Hakuna mtu aliyekuwa ameshatoka kule kuja mjini. Anayeamini mama yake yuko ndani ya nyumba haji na turubai."

Nikamuuliza, kwa nini basi uliniacha miaka minne? Kwa nini hukunitukana, hukunipiga hata kofi?

"Serikali sikuikasirikia sana, wale siwajui," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe uje nalo kwa miguu yako. Mimi ningekuja nalo, lisingekuwa lako."

Nilipiga magoti pale pale uani, jirani akiwa anaanika nguo upande wa pili wa uzio, nikamwomba radhi kwa ajili yake na kwa ajili ya mdogo wake. Hakuniambia amenisamehe. Alisema, "Nimesikia." Kisha akanisogezea nusu ya maharage nimsaidie, na tumeyamaliza yote.

Sasa unajua nilichokuwa nikikifanya wakati wewe unaninunia. Jibu la swali lako la Alhamisi ni hili: radhi nimeshaiomba, leo, kwa mtu niliyemkosea, na yeye bado hajanijibu. Ofisi ile haina radhi yangu. Meneja amesema ananipa muda wa kutia sahihi hadi basi liondoke. Basi litaondoka.

Ukifika kwenye lile geti usijikunyate. Omba wakupe kasha na ukurasa wowote, mkono wako utajitetea, nilikufundisha kupanga mistari tangu hujaota meno ya pili. Na wakikuuliza barua yako ya utambulisho iko wapi, waambie ilikuwapo, imeandikwa vizuri na ina muhuri, lakini bei yake ilikuwa uongo, na mama yako hakununua.

Ni mimi niliyekuzaa,
Anastazia, mpanga chapa